Plenamu, au Chemba ya Mgao wa Hewa

Injini ya lita 3.5 yenye silinda sita, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hufungua valvu za kuingizia hewa za kila silinda mara 50 kwa sekunde. Ukizijumlisha silinda zote unapata mivuto 300 ya hewa ndani ya sekunde moja, na kila mvuto unataka kujaza nafasi ya zaidi kidogo ya nusu lita. Katika injini nyingi hewa yote hiyo hupita kwenye mlango mmoja tu, throto, unaofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Kati ya mlango huo na mirija sita inayoelekea kwenye silinda kuna chumba kitupu cha alumini au plastiki ngumu. Chumba hicho ndicho wahandisi wanachokiita plenamu. Wapenzi wa magari ya michezo hukitoa kile cha kiwandani na kufunga kingine, kilichoundwa na watengenezaji wa vipuri vya nyongeza, wakitumaini kwamba injini itapumua vizuri zaidi.

Kwenye gereji zetu neno plenamu halisikiki sana. Fundi husema "menifoldi", na ndani ya neno hilo huingia chumba, mirija, na pengine hata throto yenyewe. Kwa kazi nyingi hilo linatosha, kwa sababu vitu hivyo hufunguliwa na kufungwa pamoja. Halitoshi pale mtu anapofungua boksi lililosafiri kutoka Marekani na kukuta chumba cha juu peke yake, gasketi yake na karatasi ya maelekezo. Akiambiwa "badilisha menifoldi", fundi anaweza kuanza kufungua hadi kwenye silinda hedi, mahali ambapo kazi hii haifiki kabisa.

Asili ya neno ni Kilatini, na maana yake ni kitu kilichojaa. Katika karne ya 17 wanafalsafa wa Ulaya walibishana kama inawezekana kuwapo nafasi isiyo na kitu chochote ndani yake. Descartes alikataa, kwake ulimwengu wote umejaa. Mwanafizikia Torricelli naye, mwaka 1643, alitokeza kwa mrija wa zebaki nafasi iliyoonekana kuwa tupu kweli. Plenamu lilikuwa jina la upande mmoja wa ubishi huo, na ombwe jina la upande wa pili. Wahandisi wa majengo nao wanalitumia: kwao ni nafasi, mara nyingi juu ya dari, inayopitisha hewa ya mitambo ya kupoza au kupasha jengo joto. Hata kwenye siasa limo, kwa maana ya mkutano wa wajumbe wote wa kamati kuu ya chama.

Ukilitafsiri neno kwa neno, basi, utapata "chumba kilichojaa", na hapo utakuwa umempotosha msomaji. Katika injini isiyosukumiwa hewa na tabo, chumba hiki karibu muda wote kina upungufu wa hewa. Gari likiwa limesimama kwenye foleni injini ikiunguruma, throto huwa imefungwa karibu yote, na kanieneo ndani ya chumba huweza kushuka hadi theluthi moja hivi ya kanieneo ya nje. Ndiyo maana bomba la kusaidia breki huunganishwa hapo: linatafuta ombwe, na ombwe hulipata ndani ya chombo kilichopewa jina la ujazo. Chumba hukaribia kujaa pale tu dereva anapokanyaga mafuta hadi chini.

Vitabu vya ufundi vya Nissan vimeliepuka neno hilo. Vinakiita chombo hicho kwa jina ambalo Kiswahili chake kingekuwa "kikusanya hewa", cha juu na cha chini. Ni jina zuri kuliko la Kilatini, lakini naona linaeleza nusu ya kazi. Hewa haiji hapo kukusanyika, inakuja kugawanywa. "Tangi la hewa" nalo silikubali, kwa kuwa madereva wa malori tayari wana tangi la hewa, lile la breki, ambalo hutunza hewa iliyogandamizwa. Kuyachanganya majina hayo mawili kwenye gereji ni hatari.

Neno ninaloliona linafaa ni lile ambalo mafundi bomba na wajenzi wanalo kinywani kila siku: chemba. Kwenye mfumo wa maji taka, chemba ni mahali mabomba kadhaa yanapokutana, na umbo lake ndilo linaloamua kama maji yatapita vizuri au yatakwama. Hewa pia ina njia zake na inakwama. Lakini "chemba ya hewa" peke yake inaweza kudhaniwa kuwa lile boksi la eya klina, kwa hiyo napendekeza chemba ya mgao wa hewa, au kwa ufupi chemba ya mgao. Najua kwamba kwa Mtanzania neno mgao huleta mara moja kumbukumbu ya umeme kukatika kwa zamu. Silikwepi kwa sababu hiyo. Mgao ni kila mmoja kupata fungu lake, na swali zima kuhusu kifaa hiki ni kama mafungu yako sawa.

Mfano unaoeleweka kuliko yote ni wa Nissan 350Z, gari ambalo Wajapani waliliuza tangu 2002 kwa jina la Fairlady Z. Injini yake ya kwanza, VQ35DE, ni V6 ya lita 3.5 iliyotangazwa Marekani kuwa na nguvu za farasi 287. Boneti ya gari hilo ni ya chini, na juu ya injini unapita mtaimbo wa kuimarisha bodi kati ya minara ya shokomzoba. Ili kuacha nafasi, paa la chemba ya mgao lilishushwa kuelekea mbele. Matokeo yake ni kwamba silinda za mbele, ambazo ziko karibu zaidi na throto, ndizo zilizobanwa: hewa inaingia kwa kasi, inazipita, na kuigeuza chini ya paa lile la mteremko ni kazi ngumu. Silinda za nyuma zina nafasi ya kutosha juu yao.

Watengenezaji wa vipuri vya nyongeza waliliona hilo mapema. Wengine walitengeneza chemba nzima yenye paa lililoinuliwa. Wengine walitengeneza spesa, bamba linalowekwa kati ya chemba ya juu na ya chini, la unene wa inchi 5/16, yaani milimita 8 hivi, kwa wale wasiotaka kugusa ule mtaimbo. Nissan wenyewe, walipoleta injini ya VQ35HR kwenye gari hilo mwaka 2007, waliipa throto mbili, moja kwa kila upande, na boneti ikapata mwinuko.

Kazi yenyewe ya kufunga haihitaji mashine kubwa, ila inahitaji utulivu. Injini iwe imepoa, nyaya za betri zitolewe. Mtaimbo hutoka kwanza, kisha bomba la hewa, plagi ya umeme ya throto, mipira miwili ya maji ya kupasha throto, mpira wa breki, mpira wa kurudisha mvuke wa oili na ule wa mvuke wa petroli. Kila mpira uwekewe alama kabla ya kutolewa. Chemba ya juu ikishainuliwa, mirija inabaki wazi ikitazama juu, na nati moja ikidondoka humo inaweza kufika kwenye valvu. Tambara safi kwenye kila tundu linatangulia kitu kingine chochote, na matambara hayo yahesabiwe wakati wa kuyatoa.

Hapa nina ombi kwa mafundi, na nalitoa kwa moyo wote: waache silikoni kwenye kiungo hiki. Ikibanwa, ziada yake hujitokeza kwa ndani, hukatika na kuvutwa na hewa. Gasketi nzima juu ya uso uliosafishwa bila kuchimbwa na bisibisi inatosha. Bolti na nati hizi ni ndogo, na nguvu ya kuzikaza ni ndogo pia. Bolti ya milimita 6 ndani ya alumini kwa kawaida haivumilii zaidi sana ya nyutonimita 10. Zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kuanzia katikati kuelekea nje, kwa awamu, na kipimo kamili kifuatwe kwenye kitabu cha gari au karatasi ya aliyetengeneza chemba.

Kosa la kawaida baada ya kufunga ni kuvuja, na kuvuja kwa chemba hii ni kuvuja kwa kuelekea ndani. Sensa ya kupimia hewa iko kabla ya throto. Hewa inayoingia kwa ufa wa gasketi haijapimwa, kompyuta haijui kama ipo, na petroli inayotiwa inakuwa pungufu. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, hupanda au hucheza, injini hupiga misi, na mashine ya kusomea hitilafu huonyesha P0171 na P0174, maana yake pande zote mbili za V zina hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyotiwa. Mafundi wengi hupulizia petroli au klina kwenye viungo na kusikiliza mlio ukibadilika. Juu ya injini ya moto hiyo ni njia ya kuunguza gari. Mashine ya moshi ni salama zaidi na huonyesha ufa wenyewe. Kama hakuna uvujaji na sailensa bado iko juu, inawezekana throto ya umeme inahitaji kufundishwa upya mahali pake pa kufunga, hatua ambayo Nissan wameieleza kwenye vitabu vyao.

Ukubwa wa chemba peke yake hausaidii. Hewa ndani ya mirija huenda kwa mawimbi, na urefu wa mirija pamoja na ujazo wa chemba huamua ni kwa mzunguko upi wimbi litafika wakati valvu iko wazi. Chrysler 300F ya mwaka 1960 ilipewa mirija ya inchi 30, iliyovuka kutoka upande mmoja wa injini hadi mwingine, ili kupata nguvu kwenye mizunguko ya kati. Waliotaka mbio za mizunguko ya juu walihitaji mirija mifupi zaidi. Anayenunua chemba kubwa kwa gari la kuendea kazini anaweza kupoteza nguvu mahali anapoihitaji kila siku.

Kwa hiyo, muuzaji anapotaja farasi walioongezeka, aulizwe pia vipimo vya mtiririko wa hewa kwenye kila mmoja wa mirija yote sita, kabla na baada. Watengenezaji makini huwa wamepima kwenye benchi ya mtiririko, na vipimo hivyo ndivyo vinavyoonyesha kama silinda za mbele zimepata fungu lao.