BGP, itifaki ya njia kuu za intaneti

BGP ni itifaki ambayo kwayo ruta za mitandao mikubwa huarifiana ni anwani zipi zinafikika na kwa kupitia kwa nani. Intaneti haina makao makuu yanayopanga safari za data. Ni makumi ya maelfu ya mitandao inayojitegemea, kila mmoja na namba yake ya utambulisho. Barani Afrika namba hizo hutolewa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius.

Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM waliibuni BGP mwaka 1989 huko Austin, Texas, wakiichora kwenye karatasi za kupangusia mikono wakati wa chakula. Toleo lake la nne, la miaka ya 1990, ndilo linalotumika hadi leo.

Ndani ya mtandao mmoja kazi hufanywa na itifaki nyingine, kama OSPF na IS-IS, ambazo huijua ramani yote na kutafuta njia ya gharama ndogo kwa kanuni ya Edsger Dijkstra. Nje ya mipaka hiyo hakuna mwenye ramani kamili. Mtandao huwatangazia majirani anwani zake; jirani huongeza namba yake mwanzoni mwa orodha ya mitandao iliyopitiwa, kisha hulipeleka tangazo mbele. Ruta ikiikuta namba ya mtandao wake katika orodha hiyo, hulikataa tangazo, maana data ingezunguka bila kufika.

Ufupi wa njia, hata hivyo, si kigezo cha kwanza. Pesa hutangulia: kampuni huchagua njia ya mteja anayeilipa kabla ya ile ya mtoa huduma inayemlipa yenyewe, hata kama hiyo ya pili ni fupi zaidi. Na pale ambapo mitandao jirani haijaunganishwa, data hulazimika kuzunguka mbali: kabla ya kituo cha KIXP kuunganisha mitandao ya Kenya, barua pepe kati ya ofisi mbili za Nairobi zilizotumia kampuni tofauti ilizunguka ng'ambo kwa setilaiti.

Udhaifu mkubwa wa BGP ni kumwamini jirani. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom, ikitekeleza amri ya serikali ya kuifungia YouTube nchini humo, ilitangaza kuwa anwani 256 za YouTube ziko kwake. Tangazo likavuka mpaka hadi PCCW ya Hong Kong, ambayo ilipaswa kulikataa lakini ikalisambaza duniani. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza kundi la anwani 1,024, na kwa ruta kundi dogo, lililo mahususi zaidi, ndilo hushinda. Wahandisi wake walijibu kwa kutangaza 256 zilezile, kisha makundi mawili ya 128. Ilichukua takriban saa mbili hadi PCCW ilipoiondoa njia ya Pakistan Telecom.

Siku hizi mitandao mingi hutumia RPKI, mfumo wa saini za kidijitali unaoonyesha nani ameruhusiwa kutangaza anwani fulani. Saini hizo huhakiki mwanzo wa njia tu. Mtandao wenye hila ukiweka namba ya mwenye haki mwishoni mwa orodha, tangazo la uongo bado laweza kupita.