Usukani mzito: Kagua umeme kabla ya kununua mashine mpya

USUKANI wa gari unapogeuka mzito ghafla, wamiliki wengi hufikiria mara moja kubadilisha mashine nzima ya usukani, matengenezo yenye gharama kubwa. Hata hivyo, katika magari ambayo usukani wake husaidiwa na umeme, chanzo chaweza kuwa kidogo tu: betri dhaifu, fyuzi iliyoungua au waya uliolegea.

Mfumo huo, ulioanza kutumika katika gari dogo la Suzuki Cervo mwaka 1988, hauna pampu ya mafuta, bali mota ya umeme. Sensa hupima nguvu anayotumia dereva kuzungusha usukani, kisha kompyuta huzingatia mwendo wa gari kabla ya kuiamuru mota. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi wakati wa kuegesha, na mzito kiasi gari linapokwenda kasi.

Dalili kuu ya hitilafu ni taa ya tahadhari yenye picha ya usukani au herufi EPS. Taa hiyo huwaka ufunguo unapofunguliwa na huzimika injini ikishawaka. Ikiendelea kuwaka, huenda kompyuta imekata msaada wa mota. Usukani hubaki umeunganishwa na magurudumu, hivyo dereva bado anaweza kukata kona kwa kutumia nguvu zaidi. Apunguze mwendo na aegeshe mahali salama, wala asizime injini gari likiwa linatembea.

Uchunguzi uanzie kwenye betri. Iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka, katika magari mengi kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisipopanda, alternata na mkanda wake vikaguliwe, kwani mota huhitaji umeme mwingi, hasa gari likiwa limesimama.

Hatua inayofuata ni fyuzi ya mfumo huo, waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi, na soketi zilizoingia maji au kutu. Fyuzi ikiungua tena, ni hatari kuweka kubwa zaidi. Shoti itafutwe kwanza.

Baada ya hapo kompyuta isomwe. Misimbo ya usukani kwa kawaida huanza na herufi C, lakini vifaa vingi vya bei nafuu husoma injini pekee. Iwapo mshale wa spidi nao haufanyi kazi, sensa ya mwendo ichunguzwe.

Usukani unaokuwa mzito baada ya kuzungushwa mara nyingi gari likiwa limesimama, kisha ukarejea hali yake, huenda si mbovu. Kompyuta hupunguza umeme ili mota isiungue kwa joto.

Mashine ibadilishwe pale tu hatua hizo zote zitakapokuwa zimekamilika na kasoro kuthibitika kuwa imo ndani yake.