Zingatia haya kabla ya kununua mkeka wa yoga

Na Mwandishi Wetu

WENGI wanaoanza mazoezi ya yoga huingia dukani wakiamini kwamba mkeka bora ni ule ulio mnene kuliko yote. Huubonyeza kwa kidole, huufurahia ulaini wake, kisha hulipa. Siku chache baadaye, wanapojaribu kusimama kwa mguu mmoja, hujikuta wakiyumba kama mtu aliyesimama juu ya godoro.

Ukweli ni kwamba mkeka sharti uendane na mazoezi yanayofanyika juu yake, na sifa ya kwanza ya kuangalia si ulaini, bali uwezo wake wa kuzuia mtu asiteleze.

Historia inathibitisha hilo. Nchini India, chimbuko la yoga, watu wa kale walitandika majani, ngozi za wanyama au vitambaa vya pamba. Mkeka unaonata wa siku hizi unahusishwa na mwalimu Mwingereza, Angela Farmer, ambaye viganja vyake havikutoa jasho kutokana na upasuaji aliofanyiwa akiwa kijana, hivyo aliteleza kila mara. Alipokuwa akifundisha Ujerumani, alianza kutumia kipande cha sponji inayotandikwa chini ya zulia. Baba yake, Richard Farmer, aliwasiliana na kiwanda husika na kuanza kuuza mikeka hiyo.

Unene

Mikeka mingi ina unene wa kati ya milimita 3 na 6. Kwa yoga yenye mikao ya kusimama na kubadili mkao haraka, kama vile Ashtanga na Vinyasa, milimita 4 au 5 zinatosha, kwa kuwa mguu unahitaji kuihisi sakafu ili mwili utulie. Kwa yoga ya taratibu, ya kuketi na kulala, milimita 6 zinafaa zaidi.

Mikeka laini ya milimita 10 hadi 15 hutengenezwa zaidi kwa mazoezi ya viungo ya kulala chini. Katika yoga, sehemu ya chini ya kiganja huzama ndani yake, kifundo cha mkono kikapinda kupita kiasi na kuanza kuuma. Mwenye maumivu ya magoti hana haja ya kununua mkeka wa aina hiyo. Anaweza kukunja taulo na kuliweka chini ya goti pale linapohitajika.

Malighafi

Mikeka ya plastiki aina ya PVC ndiyo iliyoenea zaidi. Ni ya bei nafuu na hudumu. Hata hivyo, haiozi inapotupwa. Aidha, baadhi ya kemikali za kulainisha plastiki hiyo, ziitwazo thaleti, zilipigwa marufuku na Umoja wa Ulaya katika vitu vya kuchezea watoto mwaka 2005. Ni vema kutafuta mkeka ulioandikwa kuwa hauna kemikali hizo.

Mpira asilia hushika vizuri sana, lakini ni mzito, una harufu mwanzoni na huharibiwa na jua. Wenye mzio wa utomvu wa mpira wauepuke. Mikeka ya TPE ni myepesi, ila huchakaa mapema.

Kwa wanaotoka jasho jingi, ipo mikeka yenye uso wa gome la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Gome hilo hushika zaidi linapolowana kidogo. Wengine hutandika taulo juu ya mkeka wa kawaida.

Je, mkeka wa ukindu ulioko nyumbani unafaa? Unafaa kwa kuketi, kupumua na kutafakari. Lakini juu ya vigae au saruji laini huteleza, na kuufanyia mikao ya kusimama ni kujitakia kuanguka.

Vipimo na majaribio

Urefu wa kawaida ni sentimita 173 na upana sentimita 61. Lala chali juu yake: kichwa na visigino vyote vikae ndani. Mtu mrefu atafute wa sentimita 180 au zaidi.

Ukiwa dukani, omba kuutandika. Weka viganja na nyayo chini, inua nyonga juu, kisha usukume. Mkeka ukivutika, ukijikunja au ukihama sakafuni, uache.

Nyumbani, ufute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha uanike kivulini. Ukianza kumomonyoka au kuteleza, umefika wakati wa kununua mwingine. Hata hivyo, usiutupe: ukate na uweke vipande chini ya zulia sebuleni. Huko bado utazuia kuteleza.