Umeme: Tofauti ya mgawo na kupunguza matumizi kwa mitambo

MKOA wa Singida ni njia panda ya umeme nchini. Hapo hupita njia kuu ya msongo wa kilovoti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma kwenda Shinyanga, na hapo ndipo inapounganishwa njia inayopita Babati na Arusha hadi Isinya, nchini Kenya.

Hata hivyo, mikoa iliyounganishwa na gridi, Singida ikiwamo, haikuepuka mgawo wa mwaka 2006 uliotokana na ukame, wala ule ulioanza mwaka 2023.

Umeme wa gridi hutumika papo hapo unapozalishwa. Mahitaji yakizidi uzalishaji, mzunguko wake hushuka chini ya hezi 50, na usipodhibitiwa gridi nzima huweza kuzimika. Ndiyo maana laini huzimwa: baa na zahanati, mashine ya kukamua alizeti na jokofu la chanjo, vyote kwa pamoja.

Njia mbadala ni kupunguza mahitaji kwa makubaliano. Shirika la umeme hutuma taarifa kwa kompyuta. Kifaa kilichofungwa kwa mteja huipokea na kuzima mashine alizozichagua mwenyewe kabla, kwa muda maalumu. Mteja hulipwa au hupunguziwa bei.

Utaratibu huo ulipata nguvu katika jimbo la California, Marekani, baada ya uhaba wa umeme wa mwaka 2000 na 2001. Mwaka 2002 watafiti wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley walianza kuandaa lugha moja ya mawasiliano, OpenADR, ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali vielewe taarifa ileile.

Kwa Singida, mfano ulio karibu ni pampu za visima virefu vinavyouhudumia mji. Tangi likiwa limejaa, pampu huweza kusimama saa moja bila bomba kukauka. Mkamuaji wa alizeti naye huweza kusogeza kazi nje ya saa za jioni. Chumba cha upasuaji hakiwezi kusubiri.

Baadhi ya wateja hudhani LUKU hufanya kazi hiyo. La hasha. LUKU hukata umeme uniti zinapokwisha, na mteja wa nyumbani hulipia bei ileile mchana na usiku. Aidha, kabla ya Novemba 24, 2024 wateja walilazimika kuingiza wenyewe namba za kuboresha mita zao, kwa kuwa hazikuweza kuboreshwa kutoka mbali.

Kenya ilitangulia hatua moja Desemba 2017, ilipoanza kuwapunguzia bei wenye viwanda waliotumia umeme zaidi nje ya saa za matumizi makubwa.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024 na kupunguza uhaba. Lakini uzalishaji pekee hauondoi kuzidiwa kwa laini na transfoma. Zinapozidiwa, swali hubaki lilelile: izimwe pampu yenye tangi lililojaa, au mtaa mzima pamoja na zahanati yake?