Shuka ya baridi: Jishonee, ila ujaribu uzi kwanza

Upepo wa nyanda za Kitengela na Kajiado hauna huruma, hasa mwezi Juni na Julai. Zamani Wamaasai waliukinga kwa ngozi za kondoo na ndama. Kitambaa cha dukani kilichukua nafasi ya ngozi hatua kwa hatua katika karne ya 20.

Kwa desturi shuka haishonwi, hufungwa begani. Atakaye koti la shuka ndiye anayehitaji cherehani, na kosa lake kubwa hutendeka dukani. Shuka nyingi nzito zinazouzwa leo ni za akriliki wala si za pamba. Chomoa uzi mmoja, uuwashe kwa kiberiti ukiwa nje. Ukiteketea kama karatasi na kuacha jivu, ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu jeusi, ni akriliki. Jambo hili si dogo: mchungaji huota moto alfajiri, mama hupika kwa kuni, na akriliki iyeyukayo hugandama kwenye ngozi ya mtu. Pasi kali nayo huiharibu.

Pamba ifuliwe kabla ya kukatwa, kwani hurudi. Kata ukifuata mstari wa miraba, uache sentimita 2 za mshono, kisha ukunje pindo mara mbili. Ukingo wa shuka hufumuka upesi. Pima kifua kwa uangalifu zaidi. Miraba ikikutana kombo hapo, hakuna shanga zitakazoificha.