Nani Alimfundisha Mkutubi?

Kabla Mamboleo haijawa steji yetu ya matatu na uwanja wa mpira, kulikuwa na Mambo Leo nyingine. Lilikuwa gazeti la Kiswahili, lilianza Dar es Salaam mwaka wa 1923, na mwenye gazeti alikuwa Idara ya Elimu ya Tanganyika. Sisemi mtaa wetu ulipata jina huko. Nimependa tu kwamba hilo gazeti lilitoka kwa watu wa shule, na walimu walikuwa kati ya wasomaji na waandishi wake. Siku hizo mkono ulioshika chaki ndio ulishika kitabu pia. Kwetu tunamwita japuonj, na kazi zote zilikuwa zake.

Swali langu ni hili: ni lini hizo kazi mbili ziliachana, na mbona hazijarudiana?

Mwaka wa 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Ilichapisha vitabu vya lugha zetu, ikatuma vingine kwa posta na kwa masanduku kwa watu walio mbali na maktaba. Wazo lilikuwa poa, lakini sanduku halijifungui. Lazima awepo mtu anayejua nani asome nini, na mtu huyo hakuwa na mahali pa kufunzwa hapa kwetu. Mwaka wa 1960 S. W. Hockey aliandika ripoti kuhusu maktaba za Afrika Mashariki, na mwaka wa 1963 Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ikafunguliwa Makerere. Kenya, Uganda na Tanganyika zilipeleka wanafunzi wao pale pale. Kwa mtu wa Kisumu, ukutubi sasa ulikuwa ng'ambo ya ziwa, si ng'ambo ya bahari.

Halafu angalia kilichofuata. Sheria ya 1965 iliunda bodi ya maktaba za taifa. Mwaka wa 1967 Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikaanza. Nyumba mbili zilijengwa karibu wakati mmoja: moja ya vitabu vya umma, nyingine ya walimu. Maktaba ya shule ikabaki uani, katikati. Mwalimu ana mwajiri wa taifa. Mkutubi wa shule, kama yupo, mara nyingi ameandikwa na bodi ya shule yenyewe, na mshahara wake unategemea karo ya wazazi. Pasipo mkutubi, mwalimu mmoja anapewa ufunguo na cheo cha mwalimu mkutubi, na vipindi vyake darasani vinabaki vile vile.

Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Bureau ikaenda nayo. Hapa Kenya ikawa Kenya Literature Bureau. Mafunzo ya ukutubi yakabidi yatafutiwe mizizi nyumbani, na mwaka wa 1988 Chuo Kikuu cha Moi kikawa na kitivo cha sayansi za habari. Wakutubi wakasoma kwao, walimu kwao.

Pesa zikaja pia. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, na 650 kati ya hizo zilikuwa za vitabu na vifaa vya kusomea. Kuanzia 2018 serikali ikapeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Lakini katoni ya vitabu si maktaba. Katika shule niliyosoma vitabu vilikaa ndani ya kabati lililofungwa, na aliyekuwa na ufunguo aliogopa vitapotea. Simlaumu. Hakuna aliyemfunza kitu kingine.

Mwaka wa 2021 TSC ilizindua mafunzo endelevu ya walimu: shilingi 6,000 kwa mwaka, na walimu wengi wakalalamikia hiyo bei. Ni mafunzo ya walimu waliosajiliwa. Mkutubi aliyeajiriwa na bodi hayumo, hata kulipa hajaombwa.

Hasara inalipwa na nani? Mtaala mpya unamtuma mtoto akatafute habari mwenyewe. Jioni mzazi wa Mamboleo anakimbia saiba kuprint kurasa ambazo mtoto hatazisoma. Asiye na hela ya saiba anaenda shule mikono mitupu. Ilani ya maktaba za shule ya IFLA na UNESCO ilishasema mwaka wa 1999 kwamba mkutubi na mwalimu wakishirikiana, wanafunzi wanasoma vizuri zaidi. Kushirikiana kwenyewe si uchawi. Kabla ya muhula kufunguliwa, mwalimu anamwambia mkutubi: wiki ya tatu nafundisha mazingira. Mkutubi anatafuta vitabu vya ziwa, samaki na gugumaji. Wanapanga kipindi kimoja ambapo watoto wanafungua faharasa, wanalinganisha vitabu viwili, wanaulizana mbona havikubaliani.

Mimi niliacha chuo bila digrii, na bado nasoma kila siku, kwa hivyo siabudu vyeti. Naamini kufunzwa, na hicho ni kitu tofauti. Makerere ya 1963 iliweza kukalisha nchi tatu darasa moja. Kisumu leo inahitaji kidogo zaidi ya dawati moja likizo ya Agosti, mwalimu upande huu, mkutubi upande ule, na mtaala katikati.