Jirani Yangu na Gongo

Jeshi la Idi Amin lilipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jirani yangu hapa Nkololo (siku hizo tulikuwa mkoa wa Shinyanga) alikwenda vitani. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Alirudi na viungo vyote, lakini hakupata usingizi bila gongo, na akilewa alitaja Masaka, mji ulioharibiwa vibaya Februari 1979.

Miaka ikapita. Mimi, mwalimu mwenye majibu ya kila kitu, nikamwambia aache pombe siku hiyo hiyo. Akatii. Siku ya tatu alitetemeka, akaanguka kifafa. Wazee wakasema karogwa. Mkewe akamnywesha gongo kidogo, akatulia. Sikumwomba radhi, naye sasa ni marehemu.

Kumbe mnywaji wa siku nyingi akikatishwa ghafla aweza kufa. Huachishwa kwa dawa na uangalizi. Huko Marekani, hospitali za askari wastaafu huwaongezea wataalamu waliokwisha kuhitimu mafunzo ya tiba na utafiti wa uraibu. Kwetu, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, lakini hiyo ni ya watumiaji wa heroini. Mnywa gongo huhitaji mganga aliyefundishwa kuuliza anakunywa kiasi gani, na tangu lini. Jirani yangu angejibu: tangu Masaka.